Wazazi hawaji kwenye mikutano ya shule: tuanzie wapi kurudisha imani?

Mwalimu mkuu msaidizi, Dodoma

Habari za majukumu, ndugu zangu. Ninafundisha katika shule ya msingi ya kijijini yenye wanafunzi 640 na walimu tisa, nikiwamo mimi. Mwezi uliopita tuliitisha mkutano wa wazazi kwa barua tulizowapa watoto wapeleke nyumbani. Walikuja wazazi 47, wengi wao akina mama, na karibu nusu yao waliondoka mara tu tulipofikia ajenda ya chakula cha mchana. Mzee mmoja alinisubiri nje akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba akiona barua ya shule hujua ni mambo mawili tu: ama mtoto ameharibu, ama mzazi anatakiwa kutoa. Maneno hayo hayajanitoka tangu siku ile, kwa sababu nilipopitia nakala za barua zetu za miaka mitatu niliona kwamba mzee amesema kweli. Hapakuwa na barua hata moja iliyomwita mzazi aje asikie jambo jema.

Naelewa tulikotoka. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani walipata nafasi ya kusoma. Hilo ni jema ambalo sitaki lirudi nyuma. Lakini kijijini kwetu neno "bure" lilieleweka kwamba mzazi amemaliza kazi yake, na shule sasa ni mali ya Serikali. Matokeo yake tunayaona kwenye daftari la mahudhurio: ikifika wakati wa kupalilia mtama na alizeti, madawati yanabaki matupu, na mtoto wa darasa la pili ambaye bado hajashika kusoma na kuandika akikosa wiki tatu hurudi akiwa amesahau hata silabi alizozijua. Kamati ya shule ipo, na umoja wa wazazi na walimu upo, lakini wajumbe hukutana pale tunapohitaji sahihi zao.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie: ni jambo gani mlilolifanya ninyi wenyewe, likawafanya wazazi waje shuleni bila kushurutishwa?

Mama wa watoto watatu, mjumbe wa kamati ya shule, Njombe

Pole na kazi, Mwalimu. Sisi tulianza na fedha, na nadhani nanyi mtalazimika kuanza hapo, kwa maana mzazi anayeamini kwamba fedha za shule zinaliwa hawezi kusikia neno lingine lolote utakalomwambia.

Wazazi wengi wa kwetu waliamini kwamba Serikali inamimina mamilioni shuleni. Mwalimu mkuu wetu alikubali kuandika mapato na matumizi kwenye ubao ulio nje ya ofisi, kila mwezi, kwa maandishi makubwa. Chukua hesabu ya shule yako mwenyewe: ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazopelekwa kwenye akaunti ya shule. Kwa wanafunzi 640 hiyo ni shilingi 3,840,000 kwa mwaka, au 320,000 kwa mwezi, yaani shilingi 500 kwa kila mtoto. Kutoka hapo zinunuliwe chaki na karatasi za mitihani, na ukarabati mdogo ufanyike. Nilisimama mbele ya ubao ule pamoja na jirani yangu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisema walimu wanajenga nyumba zao kwa fedha za watoto. Alipiga hesabu kwa vidole, akanyamaza, kisha akauliza chaki boksi moja ni shilingi ngapi. Swali hilo lilikuwa mwanzo wa mazungumzo ambayo mikutano yote ya nyuma haikuwahi kuyazaa.

Jambo la pili, tuliacha kumwita kila mzazi wa shule nzima kwa wakati mmoja. Tuliwaita wazazi wa darasa la pili peke yao, alasiri ya siku isiyo ya mnada, na hatukuweka ajenda yoyote ya mchango. Kila mtoto alisoma mistari michache mbele ya mzazi wake. Mwalimu wa darasa alieleza mtoto anatakiwa kujua nini ifikapo mwisho wa mwaka, na akawaonyesha wazazi namna ya kumsikiliza mtoto akisoma, hata kama mzazi mwenyewe hajui kusoma: mkalishe karibu nawe wakati wa kupika, mwambie asome, kisha mwambie akusimulie alichokisoma. Baba mmoja alitokwa machozi. Muhula uliofuata wazazi wa darasa la tatu walituuliza kwa nini wao wamesahauliwa.

Chakula kilikuja baadaye sana. Tungekitanguliza, tungekikosa.

Mwalimu mstaafu, Tanga

Mwanangu, nimefurahi kusoma swali lako, hasa ulivyozipitia upya barua zenu. Nilianza ualimu miaka ya sabini, nami nitasema machache kuhusu tulikopita, kwa sababu jambo hili si geni katika nchi yetu.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isiwe kisiwa kinachowatenga watoto na wazazi wao na kuwafanya wadharau jembe la baba. Hapa mkoani kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, palikuwa na majaribio ya shule ya jamii huko Kwamsisi, yaliyohusishwa na Chuo cha Ualimu cha Korogwe, na sisi walimu vijana tuliyasikia kama habari ya matumaini: shule na kijiji vipange pamoja, masomo yatoke katika maisha ya watu, na watu wazima nao waone kwamba majengo yale ni yao. Wazo lilikuwa zuri, na bado naliamini.

Lakini nilichokiona katika shule nilizofundisha ni kwamba wazo hilo lilipungua likawa shamba la shule. Watoto walilima, mazao yakauzwa, na mzazi hakuambiwa fedha zilikwenda wapi. Mzazi aliitwa kufyatua matofali na kubeba mchanga, lakini siku ya kuamua jambo hakuitwa. Ndiyo maana ninasema kwa uzito kwamba si kila kushirikishwa ni ushirikiano. Anayeitwa kutoa nguvu zake bila kuulizwa maoni yake atakuja mara ya kwanza kwa heshima na mara ya pili kwa kuogopa faini, kisha hatakuja tena.

Kwa hiyo ushauri wangu unatofautiana kidogo na wa mama wa Njombe, ingawa nakubaliana naye juu ya ubao. Watafute watu kijijini wenye kitu cha kufundisha. Pale nilipomalizia utumishi wangu tulimwomba bibi mmoja mfinyanzi aje na udongo wake katika kipindi cha stadi za kazi, na mzee mmoja aliyekuwa anajua historia ya koo na mipaka ya kijiji awasimulie darasa la tano. Mzee yule hakuwahi kukanyaga shule katika ujana wake. Alikuja amevaa kanzu nyeupe na koti, akaketi kwenye kiti cha mwalimu, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeonekana mtaani saa za masomo asiulizwe na mzee huyo anakwenda wapi. Shule ilipompa heshima, naye akawa mlinzi wake. Utamkuta mtu kama huyo katika kila kijiji, na gharama ya kumwita ni miguu ya mwalimu kwenda kubisha hodi kwake.

Mtendaji wa kijiji, Singida

Nashukuru kwa michango ya walionitangulia. Naomba niongeze upande wa utaratibu, kwa kuwa walimu wengi hujitwisha mzigo usio wao. Januari 2018 Rais Magufuli aliagiza walimu wasijihusishe na kupokea michango ya wazazi, na hata bila agizo lile, mwalimu akiwa ndiye mdai, heshima yake darasani inaharibika. Suala la chakula cha wanafunzi lipelekeni kwanza kwenye halmashauri ya kijiji kupitia kamati ya huduma za jamii, kisha liende kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Wananchi wenyewe wajadili kiasi, wakati wa kukusanya, ghala litakuwa wapi na nani atashika ufunguo. Kwetu waliamua kukusanya nafaka mara tu baada ya mavuno, wakati kila nyumba ina kitu, badala ya Januari wakati watu wananunua kwa vibaba. Ufunguo wanao akina mama wawili waliochaguliwa na mkutano, na mwalimu hupewa kila asubuhi kiasi kilichoandikwa daftarini.

Mzazi, Manyara

Mimi ni mfugaji na sikumaliza darasa la saba, hivyo mniwie radhi nikiongea kama mzazi tu. Katika shule aliyokuwa akisoma mwanangu wa kwanza, majina ya wazazi ambao hawakutoa mahindi yalisomwa mkutanoni mbele ya watu wote, pamoja na mbele ya wakwe zangu. Mwaka ule ng'ombe wangu walikuwa wamekufa kwa ukame, na mwenyekiti wa kitongoji alilijua hilo. Sikurudi tena katika shule ile, na mtoto wangu naye akaanza kutoroka, kwa sababu wenzake walimtaja kwa jina la deni langu. Mwalimu, kabla hujatafuta njia ya kutuleta, uliza kwanza ni nani aliwahi kuaibishwa hapo kwenu. Mkifika nyumbani kwake na kumwomba radhi, hata kama kosa lilifanywa na waliowatangulia, habari hiyo itafika kijiji kizima kabla ya jua kuzama.

Mwalimu mkuu msaidizi, Dodoma

Nimesoma yote mara mbili, na jana nilimsomea mwalimu mkuu. Shikamoo, mzee wangu wa Tanga. Ndugu yangu wa Manyara, uliyoyasema yametugusa zaidi ya yote, kwa sababu orodha ya namna hiyo tuliwahi kuibandika sisi wenyewe mlangoni mwa ofisi, na mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono wangu. Nimeitafuta kwenye majalada na nimeipata: ina majina 112. Jumamosi hii mwalimu mkuu na mimi tutaanza na kaya za kitongoji cha mbali, ambako watoto hutembea zaidi ya kilomita tano kuja shuleni, na tumemwomba mwenyekiti wa kitongoji atutangulie.

Ubao wa mapato na matumizi umeshapakwa rangi. Mkutano wa wazazi wa darasa la pili tutaufanya baada ya palizi, bila ajenda ya mchango, na suala la nafaka litasubiri mkutano mkuu wa kijiji wa baada ya mavuno. Mama wa Njombe, naomba unijibu jambo moja: mtoto asiyeweza kabisa kusoma mlimfanyaje siku ile, ili yeye na mzazi wake wasiondoke na aibu?

Mama wa watoto watatu, Njombe

Hatukuwasimamisha mbele ya darasa, Mwalimu. Kila mzazi aliketi na mtoto wake kwenye dawati lake, wote wakasoma kwa wakati mmoja, na mwalimu akapita dawati hadi dawati. Asiyejua kusoma alipewa kadi za silabi, akaonyesha zile anazozijua, na mwalimu akamwambia mzazi zilizobaki ni zipi.