Kununua kiwanda kidogo cha kubangua korosho Masasi: tuchunguze nini kabla ya kutoa arbuni?

Mwana wa Masasi:
Habari zenu wanajukwaa, na kwa wazee, shikamooni. Mimi na dada yangu tunataka kununua kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Masasi, kinachoendeshwa na kampuni yenye wanahisa wawili. Muuzaji ametuonyesha cheti cha usajili wa kampuni, nakala ya hatimiliki na hati ya kutodaiwa kodi, kisha akatutaka tutoe arbuni, yaani malipo ya awali, kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu, kwa maelezo yake, yupo mnunuzi mwingine kutoka Dar es Salaam. Je, karatasi hizi zinatosha?

Wakili, Shangani:
Ndugu yangu, kwanza kubalianeni na muuzaji mnanunua nini. Mkinunua hisa, kampuni inabaki ile ile pamoja na kesi zake na madeni yake yote, likiwemo deni la kodi ambalo TRA, mamlaka ya mapato, inaweza kuja kuligundua baadaye. Mkinunua kiwanja, jengo na mashine peke yake, sehemu kubwa ya madeni humbakia muuzaji, ingawa rehani iliyosajiliwa huifuata mali popote iendako.

Kwa vyovyote vile, ombeni wenyewe taarifa ya upekuzi, yaani ukaguzi wa daftari la msajili, kutoka BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Cheti cha usajili kinathibitisha tu kwamba kampuni ilianzishwa. Upekuzi ndio utakaowaonyesha wakurugenzi na wanahisa waliopo sasa, kama taarifa za mwaka zimewasilishwa, na kama mali za kampuni zimewekwa dhamana. Kiwanja nacho kinahitaji upekuzi wake kwa Msajili wa Hati, kwa sababu nakala ya hatimiliki haiwezi kuonyesha zuio (katazo la kuuza au kuhamisha mali) au rehani iliyoandikishwa baada ya nakala hiyo kutolewa. Huyo mnunuzi wa Dar es Salaam, kama yupo na ana wakili, atafanya upekuzi huo huo.

Mhasibu wa Lindi:
Naunga mkono, ila kwangu hesabu ndizo zenye maneno mengi zaidi. Korosho ghafi za mikoa yetu huuzwa kwa minada ya vyama vikuu vya ushirika kupitia stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka mzigo ghalani na kupewa stakabadhi, mfumo ulioanzia Mtwara msimu wa 2007/2008. Kwa hiyo kiwanda kinachosema kimebangua tani kadhaa kinapaswa kuwa na nyaraka za mnada na za kutolea mzigo ghalani. Zilinganisheni tani hizo na korosho karanga (zilizokwisha kubanguliwa) zilizouzwa, mkikumbuka kwamba kilo 100 za ghafi hutoa takriban kilo 20 hadi 25 za karanga. Mauzo yakizidi hapo, ama mzigo ulipatikana kwa njia isiyo na nyaraka, ama vitabu vimepambwa, na yote mawili ni mzigo mtakaorithi mkichukua hisa. Angalieni pia manunuzi ya umeme kwa miezi ya kubangua, kwa kuwa mashine zinazofanya kazi haziwezi kuficha matumizi yake. Michango ya wafanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, isisahauliwe.

Mama wa Newala:
Wanangu, zungumzeni na akina mama wanaobangua humo. Hao ndio wanaojua ni mashine ipi imesimama tangu msimu uliopita na ni mishahara ya miezi gani haijalipwa, mambo ambayo hamtayakuta katika daftari la msajili. Nendeni kwa adabu na muuzaji akiwa na habari, asije akawaadhibu kwa kusema kweli. Na tafadhali, asitokee mtu wa kuwashauri mumpe chochote mfanyakazi wa benki ili awatolee taarifa za akaunti kwa siri. Ni kosa, na tangu 2022 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwombeni muuzaji ridhaa ya maandishi.

Mwana wa Masasi:
Ahsanteni sana. Tumemwomba ridhaa hiyo leo. Kwa TRA amekubali, lakini kwa benki amekataa, akisema kwamba hizo ni siri za kampuni.

Wakili, Shangani:
Siri hulindwa kwa mkataba wa kutunza siri, nanyi mnaweza kutia saini hata kesho. Akikataa na hilo, acheni wazo la hisa, mjadiliane juu ya kiwanja na mashine tu. Arbuni isiingie mkononi mwake. Iwekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili, kwa makubaliano ya maandishi kwamba itarudi kwenu yote iwapo upekuzi utaonyesha rehani, zuio au deni ambalo hakulitaja.