Kunyanyua pikapu: ulipangaje kabla ya kununua spea? Tupeane uzoefu

Mkulima wa Bondeni (Ifakara)

Wakuu habari za jioni. Nina Hilux dabo kabini 3.0 dizeli, lile umbo lililoisha 2015, kazi yake ni shamba upande wa Mlimba na mara mojamoja inashuka Dar kufuata spea za pampu. Masika udongo mweusi wa huku anayeujua anaujua, malori yakishapita yanaacha mifereji na gari ndogo inalala tumbo. Nataka kuinyanyua na makusudi sijanunua hata bolti. Kila ninayemuuliza ananiambia weka inchi mbili, mwingine weka nne kabisa, ila hakuna anayenieleza kwa nini mbili na kwa nini nne.

Nilipofikia mimi ni hapa: kinachoanza kugusa kwenye ule mfereji ni difu ya nyuma (lile boksi la gia katikati ya ekseli), na difu ya nyuma springi haiwezi kuiinua hata uweke ndefu vipi maana iko kwenye ekseli yenyewe, inapanda tairi ikipanda tu. Yangu inavaa 265/65R17 ambayo kimo chake ni kama milimita 776, nikivaa 285/70R17 inakuwa 831, na inayoingia chini ya difu ni nusu ya tofauti, sentimita 2.7 hivi. Kidogo, lakini kwenye tope hizo ndizo zinazotofautisha kupita na kulala pale. Kwa hiyo kwangu tairi inaamua kwanza, springi zinakuja kuitafutia nafasi na kuinua tumbo na bampa.

Jana nimeazima tairi ya 285 kwa jirani, ringi nati sita kama zangu, nikaifunga mbele kulia nikakata usukani mpaka mwisho pande zote. Inagusa plastiki ya nyuma ya fenda na pale kabini inapokaa kwenye chesisi. Nimepiga alama za chaki. Hapo gari imesimama sawa, sijaipandisha hata jiwe.

Waliopita njia hii naomba mtiririke, mlianza kupanga wapi, nini mlikiacha na kwa nini.

Chesisi Ndefu (Arusha)

Mkulima umeanza vizuri kuliko wengi wanaoletwa hapa gereji. Mimi natengeneza Landcruiser za utalii, za kurefusha na kuinua, mwaka wa ngapi sasa sihesabu. Nikuongezee kitu kimoja kwenye hesabu yako: difu ya mbele ya Hilux yako imefungwa kwenye chesisi, si kwenye ekseli kama Landcruiser 79. Hiyo springi inaiinua. Ndiyo maana ukizidisha urefu shafti za mbele zinakaa mshazari, sivijointi (viungo vya shafti vinavyokunja) zinafanya kazi kwenye pembe kali na ile mipira yake inachanika mapema. Kwa gari yako inchi mbili hadi mbili na nusu ndipo unapokaa salama, kuvuka hapo unaingia kwenye kubadili wishboni za juu (mikono inayoshika gurudumu), kushusha difu, na gharama inageuka kuwa ya gari nyingine.

Sasa uzito. Huku kwetu hakuna anayenunua springi kabla hatujajua gari itabeba nini siku zote. Si mzigo wa siku moja, nasema kile ambacho hakishuki. Bampa la chuma na winchi mbele ni kama kilo 100. Keria juu, tenki la akiba, kanopi, boksi la spana. Springi nzuri za Waaustralia, Old Man Emu na wenzao, zinauzwa kwa uzito, ya bampa la kiwanda ina namba yake na ya bampa la chuma na winchi ina namba nyingine ingawa zote wanaandika inchi mbili. Ukifunga ya uzito mkubwa kwenye gari tupu inakuwa ngumu kama kigoda na imekaa juu kuliko ulivyotaka, ukifunga nyepesi halafu ukaja na bampa baadaye ule urefu uliolipia unarudi chini wote.

Mwaka juzi alikuja mteja ana maboksi ya springi tayari, kaletewa kwa meli, gari bado haina bampa wala keria. Tukamwambia mzee weka stoo kwanza. Tukaijaza gari vitu vyote anavyosafiri navyo, maji, tenti, familia yake wakapanda, tukaipeleka mizani ya wanunua vyuma chakavu, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Ya nyuma ilikuwa imezidi mbali ile namba iliyokuwa kwenye boksi. Bahati muuzaji alikubali kubadilisha kwa sababu hazijafungwa.

Na kipimo: usipime kutoka ardhini, tairi na upepo vinadanganya. Pima katikati ya ringi kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, tenki limejaa, gari iko kwenye sakafu sawa. Andika na tarehe. Mara nyingi upande wa dereva umelala kidogo na springi zilizochoka zimeshakula sentimita mbili tatu, kwa hiyo utaambiwa umepata inchi tatu kumbe moja ni ile uliyokuwa umepoteza.

Mama Jimny (Nairobi)

Hamjambo wote, mimi sina pikapu lakini mpango ni ule ule. Nina Jimny ya 1300, ile umbo la kabla ya 2018. Nilikaa na daftari muda mrefu kabla sijaenda Kirinyaga Road kuuliza bei ya chochote, na ukurasa wa kwanza niliandika barabara ninazoenda kweli, si zile ninazoota. Kazini kila siku, ushago mara moja kwa mwezi, Suswa na wenzangu wikendi zingine. Basi hapo tu nikaona 235/75R15 si zangu. Inatoka kiwandani na 205/70R15, hizo nyingine ni karibu asilimia 10 zaidi kwa kimo, na injini ya 1300 ukipandisha kutoka Mai Mahiu kurudi juu na mizigo unaishia gia ya pili ukisukumwa na malori. Nikachagua 215/75R15, na springi za inchi mbili zikatosha kabisa bila kukata chuma.

Kitu nilichoshukuru kukipanga mapema ni usukani. Jimny ina ekseli moja iliyonyooka mbele na ile mikono inayoishika, ukiinua mwili ekseli inazunguka kidogo na usukani unapoteza ile tabia ya kujirudisha wenyewe. Kwa lami ya kasi gari inatangatanga na kuna wengine usukani unaanza kutetemeka vibaya sana, unashikilia kwa mikono miwili ukiomba Mungu. Kuna bushi maalum za kurekebisha hiyo pembe, na kuna ile fimbo ya kushikilia ekseli isiende upande, nayo ukiinua inaivuta ekseli pembeni. Nilinunua bushi na fimbo ya kurekebishika pamoja na springi, zikafungwa siku moja. Mafundi wawili waliniambia hazina haja, nikashikilia msimamo wangu, na siku nilipotoka gereji gari ilienda moja kwa moja kwa njia.

Dereva wa Kati (Dodoma)

Mkulima umesahau tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Na 285 zako dashibodi ikisoma 50 wewe uko 53 na nusu, asilimia 7 hiyo, na vijiji kati ya Morogoro na Dar unavijua. Faini elfu 30 kila kibao cha 50. Mimi nimebandika karatasi ndogo pembeni ya mshale mpaka nilipozoea.

Bodi Juu

Wakuu, na hizi spesa za kuweka juu ya shokapu je? Bei yake ni cha mtoto ukilinganisha na springi.

Fundi Usukani (Mwanza)

@Bodi Juu nitakujibu kwa adabu. Spesa inasukuma springi ile ile iliyochoka chini zaidi, haiongezi nguvu ya kubeba. Kwa gari ya mjini inayotaka kusimama sawa mbele na nyuma sina ugomvi nayo, nyembamba tu. Kwa gari ya shamba inayobeba, hapana. Gurudumu linaachiwa kushuka kupita lilivyopangiwa kiwandani, na kwenye kila shimo kinachopigwa pale ni boljointi ya juu (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu).

Mimi kazi yangu kubwa ni alaimenti (kupima na kunyoosha mkao wa magurudumu), kwa hiyo naona magari baada ya watu kumaliza pesa. Ndugu zangu, alaimenti iingizeni kwenye bajeti tangu mwanzo, tena mara mbili, siku ya kufunga na baada ya springi kukaa, wiki kadhaa hivi. Hilux iliyoinuliwa bila kupimwa inakula tairi za mbele upande mmoja na hizo tairi ndizo ghali kuliko vyote mlivyotaja humu.

Na mipira ya breki. Inyanyueni gari kwa jeki kwenye chesisi, magurudumu yaning'inie kabisa, mtu mmoja akate usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, wewe uko chini na kurunzi unaangalia ule mpira mdogo unaotoka kwenye bomba kwenda kwenye kalipa. Ukiuona umenyooka kama uzi, umekaza, hapo safari hakuna, tafuta mrefu zaidi. Nyuma pia kuna mmoja unaoshuka kwenye ekseli, wengi wanausahau. Angalieni hili na springi za zamani zikiwa bado ziko, mjue mnabakiwa na nafasi kiasi gani, ndipo muagize.

Mtu wa Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Mie niko Maskati, asili yetu Unguja, tunaingia mchanga wa Sharqiya na Landcruiser. Huku mchanga ndo unaamua. Kabla ya springi sisi tunashusha upepo wa tairi mpaka psi 15 hivi, tairi inalala pana inaelea, na hapo gari ya kiwanda inapanda pahala ambapo iliyoinuliwa na upepo umejaa inajizika. Nilitaka inchi nne mie. Nikakaa nikafikiri ule ubavu wa mchanga unapoukata kwa pembeni, gari likishakuwa refu na keria lina mizigo juu, linalala mara moja. Nikaishia mbili, na keria nikaliondoa, vitu vizito vyote nikavishusha chini nyuma ya viti. Tope si mchanga najua, lakini kimo kina bei yake popote, kaka Mkulima, na kompresa ya upepo iandike kwenye orodha yako kabla ya winchi.

Mkulima wa Bondeni (Ifakara)

Shukrani sana wakuu, kweli kabisa. Nimepima leo asubuhi kama alivyosema Chesisi Ndefu na upande wa dereva nyuma umelala sentimita mbili na nusu. Basi mpango umekaa hivi: bampa la chuma naliacha, winchi naiacha, uzito wa kudumu unabaki boksi la spana na pipa la dizeli la lita 60 nyuma. Tairi nashuka kidogo, 265/70R17, kimo 803, sitakata chuma popote na tochi hainisumbui sana. Springi inchi mbili mbele za bampa la kiwanda. Nyuma bado najiuliza, niongeze pleti (bamba moja la springi) kwenye springi zilizopo au ninunue mpya seti nzima?

Chesisi Ndefu (Arusha)

Seti nzima. Pleti mpya ikikaa na zilizochoka yenyewe inabeba peke yake, halafu inavunjika, na kawaida inavunjikia porini. Lita 60 za dizeli ni kama kilo 50 na pipa lake juu kidogo, boksi la spana lipime usikadirie. Mwambie muuzaji uzito wa kudumu na uzito wa siku ya mavuno, vyote viwili, na yuboliti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) nunua mpya humo humo, za zamani hazirudishwi. Ukishapata namba za boksi zilete hapa tuzione kabla hujalipa.