Mnara wa kuvuta au injini za kusukuma: kapsuli ipi inamlinda mwanaanga zaidi?

Nyotamkia: Wakuu, tulinganishe. Roketi ikiharibika wakati wa kuruka, watu hutolewa kwa njia kuu mbili. Kuna mnara wenye roketi ya mafuta yabisi (makavu, si kimiminika) uliosimikwa juu ya kapsuli, yaani chombo wanamokaa wanaanga, unaoinyakua na kuivuta: Apollo, Soyuz, Shenzhou, Orion. Halafu kuna injini zilizo ndani ya kapsuli au chini yake, zinazoisukuma: Crew Dragon, Starliner, New Shepard. Mimi niko upande wa mnara. Umeshaokoa watu, injini za kusukuma bado.

FundiMitambo: Nakuunga mkono. Tarehe 26 Septemba 1983 kule Baikonur, kituo cha kurushia roketi nchini Kazakhstan, moto ulizuka chini ya Soyuz kabla haijaruka. Nyaya ziliungua, ikabidi amri ipitie redio, tena kwa waendeshaji wawili walio sehemu tofauti, kila mmoja abonyeze kitufe chake karibu kwa pamoja. Mnara ukawaka, na sekunde chache baadaye roketi ikalipuka. Wanaanga Titov na Strekalov walikandamizwa vitini kwa nguvu inayozidi mara 14 ya uzito wao, wakatua kilomita 4 hivi kutoka pale wakiwa hai.

Kimondo88: Sawa, lakini mnara ni mzigo, lazima utupwe njiani. Oktoba 2018, Soyuz MS-10 ilipogongwa na roketi yake ya pembeni iliyoachana vibaya, mnara ulikuwa umetoka kutupwa. Wanaanga Ovchinin na Hague waliokolewa na roketi ndogo zilizofungwa kwenye ganda linalofunika kapsuli. Dragon inabaki na SuperDraco zake 8, yaani injini zake za kuokolea, hadi inafika kwenye obiti, njia ya kuizunguka Dunia.

Nyotamkia: Hizo SuperDraco zinatumia kimiminika chenye sumu, na mabomba na vali kibao. Tarehe 20 Aprili 2019 Dragon isiyo na watu ililipuka ikijaribiwa ardhini. Kioksidishaji, kemikali inayoyafanya mafuta yawake, kilipenya kwenye vali, shinikizo lilipopanda kikarushwa kwa kasi hadi kwenye sehemu ya chuma cha titani, ikawaka. Baadaye vali hizo ziliondolewa, zikawekwa diski za kupasuka, vifuniko vinavyoziba njia hadi shinikizo livipasue. Wamerekebisha vizuri, nakubali, ila watu wanakaa karibu mno na mafuta hayo.

BintiAnga: Jamani, mmesahau parachuti! Kuukimbia mlipuko ni nusu ya safari. Kapsuli ikitolewa kwenye jukwaa la kurushia roketi haina kimo, kwa hiyo injini ya kuokolea lazima iipandishe juu vya kutosha ili parachuti zipate muda wa kufunguka, tena mbali na vipande vinavyowaka, kwa sababu nailoni inayeyuka. Zenyewe hazifunguki kwa mkupuo: kamba hubana mdomo wa parachuti, kisha hukatwa kwa baruti kidogo baada ya sekunde kadhaa. Bila hivyo zingechanika kwa mshtuko wa upepo.

Mimi nalinganisha hapa: Soyuz ina parachuti kuu moja, karibu mita za mraba 1,000, na ya akiba. Apollo, Orion na Starliner zina kuu tatu, Dragon nne.

FundiMitambo: Moja kubwa na akiba ni mpango rahisi, dada. Parachuti chache, vitu vichache vya kukwama.

BintiAnga: Kaka, akiba inataka kwanza igundulike kwamba kuu imeshindwa, halafu ipate njia ya kutokea. Aprili 1967, Soyuz 1, parachuti kuu haikutoka, ya akiba ikajisokota na ile ndogo ya kuvutia. Mwanaanga Komarov akafa. Sasa tazama Apollo 15, mwaka 1971: moja kati ya tatu ilinywea, wakatua salama kwa mbili bila mtu kuamua lolote. Starliner ikijaribiwa Novemba 2019 nayo ilitua kwa mbili, kisa pini moja haikufungwa sawasawa. Kundi la parachuti linasamehe kosa la fundi.

Kimondo88: Kwenye parachuti umenishawishi. Ila Nyotamkia, kusukuma si lazima kimiminika. New Shepard ina mota ya mafuta yabisi katikati ya kapsuli. Tarehe 12 Septemba 2022 roketi yake iliharibika angani, bila abiria. Mota ikawaka yenyewe, kapsuli ikachomoka, parachuti tatu zikafunguka, ikatua nzima. Haifiki obiti, lakini hapo una mafuta yasiyovuja, huna mnara wa kutupa, na una kundi la parachuti.

Nyotamkia: Hiyo nitaisoma vizuri usiku huu. Mwenye maelezo ya mota hiyo inavyogeuza mwelekeo baada ya kuwaka aweke hapa.