Tovuti mpya kwenye .co.ke yetu bila kuua barua pepe (Kisumu)

SamaniKibuye
Habari zenu wakuu. Tuna karakana ya vitanda, makochi na meza hapa Kibuye. Jina la .co.ke tunalo tayari. Anwani ya oda@ iko kwenye seva ya zamani pamoja na ukurasa mmoja wa tovuti uliochakaa. Tovuti mpya ya WordPress imejengwa kwenye seva ya kampuni nyingine, ina picha 40, na kwa sasa inafunguka kwa anwani ya muda. Aliyeijenga anasema tubadilishe tu seva za majina, zile ns1 na ns2, Ijumaa jioni, kisha tusubiri. Barua pepe tunataka ibaki ilipo, maana shule na hoteli huagiza kupitia hapo. Njia hiyo ni salama? Na kabla ya kutangaza tukague nini?

rekodi_A
Seva za majina usiziguse. Ukizibadilisha, orodha nzima ya rekodi za DNS (maelekezo kwamba jina lenu liko seva gani) itasomwa kutoka kampuni mpya, na huko hakuna MX, rekodi inayopeleka barua kwenye seva yenu ya zamani. Tovuti itafunguka vizuri, mtafurahi, na oda zitakuwa zinarudishwa kwa waliozituma. Mnachohamisha ni tovuti peke yake, na hiyo ni rekodi mbili tu: A (rekodi inayotaja IP, yaani nambari ya seva) ya jina lenyewe, na ya www.

Fungua Zone Editor, sehemu ya rekodi hizo kwenye cPanel (paneli ya kusimamia seva) ya zamani, nakili kila mstari. Halafu tuambie MX inaelekea wapi na jina la mail (mail.jina.co.ke) ni rekodi ya aina gani. Usiweke IP hapa.

SamaniKibuye
MX inaelekea jina letu tupu, bila mail mbele. mail ni CNAME, yaani lakabu, ya jina hilohilo. TTL, muda wa jibu kushikiliwa, ni sekunde 14400. Naona pia AAAA moja, ile A ya anwani mpya za IPv6.

rekodi_A
Basi mtego ndio huo. MX ikifuata jina tupu, siku mtakapobadilisha A na barua pepe itafuata tovuti hadi seva mpya. Kwa hiyo fanyeni hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza futa CNAME ya mail, uunde mail kama rekodi ya A yenye IP ya seva ya zamani. Elekeza MX kwenye mail.jina.co.ke. Kwenye simu na kompyuta za ofisini, seva ya IMAP (kupokea barua) na SMTP (kutuma) iwe mail.jina.co.ke, si jina tupu. Mliozoea kufungua jina.co.ke/webmail tumieni mail.jina.co.ke:2096. Acheni hivyo siku moja, tumeni barua za majaribio kutoka Gmail, mjibu, mhakikishe zinafika pande zote mbili.

Wakati huohuo shusha TTL ya A na ya www hadi 300. Sekunde 14400 ni saa 4, kwa hiyo ukiishusha dakika chache kabla ya kuhama haisaidii kitu: seva nyingine tayari zimeshika jibu la zamani na zitalishikilia mpaka saa hizo ziishe.

Siku yenyewe badilisha A ya jina tupu iwe IP mpya. Kama www ni CNAME ya jina tupu itafuata yenyewe. Kama ni A, ibadilishe pia. Ile AAAA ifute, au weka ya seva mpya kama wamekupa. Ikisahaulika, simu zilizo kwenye IPv6 zitaendelea kuona ukurasa wa zamani huku wewe unaona mpya, na mtabishana na wateja mchana kutwa.

Bado kuna moja, na hii huwasumbua wengi. Seva mpya ikiwa ya cPanel nayo, inaweza kudhani barua za jina lenu ni zake. Mteja akijaza fomu ya oda, ujumbe utatupwa humohumo ndani na hautafika oda@ kamwe, wala hutaona kosa lolote. Nenda Email Routing kwenye cPanel mpya, chagua "Remote Mail Exchanger". Kisha ongeza IP ya seva mpya kwenye rekodi ya SPF (inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua zenu) mliyo nayo, ndani ya mstari uleule. Ukiweka SPF ya pili kando ya ya kwanza, zote mbili zinahesabiwa kuwa kosa.

kufuli_254 (Nakuru)
Naongezea la cheti cha HTTPS, kile cha alama ya kufuli. Let's Encrypt na AutoSSL, zinazotoa vyeti hivyo bure, kwa kawaida huthibitisha kwa kuitembelea tovuti yenyewe, kwa hiyo cheti hakitoki mpaka A iwe inaelekea seva mpya. Badilisha A, subiri, omba cheti, ndipo ulazimishe HTTPS. Ukilazimisha kabla, mteja anakutana na onyo la hatari badala ya kochi. Cheti cha Let's Encrypt huishi siku zisizozidi 90, hakikisha kinajiongeza chenyewe.

Anwani ya muda itakuwa imejificha kwenye hifadhidata, ndani ya viungo vya picha. Tumia amri ya wp search-replace, kwanza ukiwa na --dry-run (jaribio lisilobadilisha kitu). Usibadilishe kwa amri za SQL za mkono, moja kwa moja kwenye hifadhidata: WordPress huhifadhi mipangilio mingine pamoja na hesabu ya herufi zake, ukibadilisha urefu bila hesabu, mpangilio unavunjika. Halafu Settings, Reading, ondoa alama kwenye kisanduku kinachozuia Google. Mafundi hukiwasha wakati wa kujenga na kukisahau.

Na Ijumaa jioni hapana, bwana. Kikiharibika kitu, mnafika Jumapili, siku kubwa ya soko hapo Kibuye, bila wa kupigiwa simu. Jumanne asubuhi.

nyar_kisumo
Picha 40 zikiwa zimetoka kwenye simu moja kwa moja, 4 MB kila moja, hiyo ni 160 MB ya bando la mteja. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200, ziwe za muundo wa WebP, zisizidi KB 150: zote pamoja zinakuwa 6 MB. Zifanyie hivyo kabla ya kuzipandisha.

Kiungo cha WhatsApp ni wa.me/ kisha 254 na nambari, bila + na bila ile 0 ya mwanzo. Nambari ya till ya M-Pesa iandike kwa maandishi yanayonakilika, si ndani ya bango, pamoja na jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa. Jina likitofautiana na la tovuti, mtu anaghairi.

SamaniKibuye
Asante sana dada, na wengine pia. STK push, ile ya M-Pesa kumletea mteja ombi la malipo kwenye simu, tuiweke sasa hivi?

nyar_kisumo
Si wiki moja na uhamisho. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na tovuti, inataka anwani ya majibu yenye HTTPS inayofikika, na yenu bado haijatulia. Mkiiweka, mwambieni fundi ResponseCode 0 maana yake ombi limepokelewa tu. Pesa imeingia pale callback, jibu linalotumwa kwenye anwani hiyo, inapoleta ResultCode 0. 1032 ni mteja ameghairi. Anayechanganya sifuri hizo mbili anapeleka kitanda bure.

rekodi_A
Na seva ya zamani msiache kuilipia. Barua zenu bado zinaishi huko, na DNS pia.