Fed (Benki Kuu ya Marekani) wameshusha riba, mbona ya mkopo wangu wa nyumba imepanda? Mlioko Marekani nielewesheni

Dereva_wa_Usiku (8 Oktoba 2024)

Wakuu salaam. Naomba mlioko huku mnisaidie maana nahisi kama nachezewa akili. Mimi niko Houston, naendesha lori, mimi na mama watoto tumehangaika miaka minne kukusanya hela ya kutanguliza mpaka mwaka huu tukasema basi, kodi za apatimenti zimetosha. Katikati ya Septemba jamaa wa mikopo akanitajia riba ya asilimia 6.125, miaka 30, mkopo wa dola 300,000. Nikamwambia tulia kwanza, si kila redio inasema Fed wanashusha, nikajua nikivumilia kidogo nitaokota hata 5.5. Na kweli tarehe 18 wakashusha nusu asilimia nzima, nikampigia wife tukacheka kama tumeshinda bahati nasibu.

Sasa Ijumaa iliyopita, tarehe 4, nimepaki Amarillo, nina kahawa yangu mkononi, saa moja na nusu asubuhi redioni wanasema ajira mpya 254,000, wasio na kazi wameshuka hadi asilimia 4.1, uchumi uko fresh. Mi nikasema alhamdulillah, mizigo itakuwepo. Saa tatu meseji ya yule jamaa hii hapa, leo ni 6.5. Jana namuuliza tena, 6.625!! Watu kupata kazi na nyumba yangu vinahusiana nini? Au huyu kaniona mshamba?

Binti_Pangani

Pole mkuu, hujachezewa. Nafanya kazi ofisi inayoandaa mikopo ya nyumba na Ijumaa ile simu zilikuwa haziwekwi chini, kila mtu na swali lako hilohilo.

Kosa ni kudhani Fed ndo wanapanga riba ya nyumba. Hawapangi. Ile yao ni riba ya benki kukopeshana usiku mmoja, inagusa kadi za mkopo na mikopo ambayo riba yake inapanda na kushuka. Mkopo wako wa miaka 30 riba imefungwa, na ukishasaini kuna uwezekano mkubwa unauzwa, unaishia kwa Fannie Mae au Freddie Mac, yale mashirika makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba, unachanganywa na ya wenzio inakuwa kama bondi, yaani hati ya deni inayolipa riba, wanauziwa wawekezaji. Yule mwekezaji kabla hajanunua anajiuliza, bondi ya serikali ya miaka 10 inanipa ngapi leo? Maana watu wengi hawafiki miaka 30, wanauza nyumba au wanabadilisha mkopo mapema, ndo maana anaifananisha na ya 10. Hiyo ikipanda na riba unayotajiwa kabla hujasaini inapanda siku hiyohiyo, wakati mwingine saa hiyohiyo.

Katikati ya Septemba bondi hiyo ilikuwa kwenye 3.6 hivi. Jumatatu hii imevuka 4. Kwa nini? Watu walitegemea ajira kama 150,000, zikaja 254,000. Ajira nyingi maana yake watu wana hela, wakiwa na hela bei za vitu zinaweza kupanda, bei zikipanda Fed hawatakuwa na haraka ya kushusha tena. Basi wenye bondi wakauza. Na bondi iko hivi: inalipa dola 4 kwa mwaka, ukiinunua 100 umepata asilimia 4, ukiipata kwa 90 dola ni zilezile 4 ila asilimia yako imepanda. Bei chini, riba juu, kama pembea.

Na ile shusha ya tarehe 18 ilishaliwa zamani. Powell, aliyekuwa mkuu wa Fed, alishasema tangu Agosti kwenye mkutano wa kule Jackson Hole kwamba muda wa kushusha umefika. Yaani kadi za harusi ziligawiwa Agosti, Septemba ilikuwa kula pilau tu, wewe ukaja na zawadi siku ya kuvunja kamati.

Kobe_Mpole

Hahaa siku ya kuvunja kamati 😂 Kwa hiyo mtu mwenye nyumba ya kununua aombe wenzie wafukuzwe kazi? Nchi ya ajabu hii.

Ila binti usiwasafishe sana hao wa mikopo. Habari mbaya kwao inafika kwenye bei yako dakika hiyohiyo, habari nzuri inakuja kwa miguu. Mimi mwaka jana Oktoba wastani wa riba za nyumba ulifika 7.79, nikasaini hivyohivyo nikiwa nalia. Dereva, usiulize mtu mmoja, omba ofa hata tatu na ziwe za siku moja maana ukilinganisha ya Jumatatu na ya Alhamisi unajidanganya. Kila mmoja akupe ile karatasi ya makadirio ya kurasa tatu, uangalie na gharama zao, siyo riba peke yake.

Binti_Pangani

@Kobe_Mpole hapo sina ubishi, kweli kabisa. Dereva ongeza na hili, Alhamisi tarehe 10 inatoka taarifa ya mfumuko wa bei, saa ileile moja na nusu yenu. Sijui itaenda upande gani na anayekwambia anajua anakuuzia kitu.

Mzee_wa_Kigamboni

Mnalilia 6.6 nyie? Njooni huku Tanzania benki inakwambia 15 mpaka 19 bila aibu, na Benki Kuu iko 6 tu. Ndo maana mimi habari za uchumi zinanihusu kwenye bei ya saruji na nondo basi. Nimejenga miaka kumi na moja, chumba kimoja kila nikipata, sebule bado haina dari lakini hakuna mtu wa kunitumia meseji saa tatu asubuhi.

Dereva_wa_Usiku

Mzee umeniua 😂 ila na kodi ya hapa ninayolipa miaka kumi na moja si ningekuwa nimeshanunua dari la mtaa mzima.

Nimepiga hesabu. Kwa 6.125 ningelipa kama dola 1,823 kwa mwezi, kwa 6.625 ni 1,921, bado kodi ya mali na bima. Karibu 98 kila mwezi, miaka 30 ni 35,000 na ushee. Yaani ule uvumilivu wangu wa wiki tatu una bei ya pikapu. Nimeomba ofa tatu jana, mmoja kaniambia 6.5 bila kununua pointi (hela unayotoa mwanzo ili riba ishuke), nimeloki Jumatano jioni, riba haibadiliki siku 45, sikutaka kuisikia hiyo Alhamisi.

Dereva_wa_Usiku (8 Novemba 2024)

Mrejesho wakuu. Mfumuko ulitoka 2.4, juu kidogo ya walivyotegemea, riba ikaendelea kupanda, wiki hii wastani wa riba za nyumba wanaoutoa Freddie Mac ni 6.79. Yangu bado 6.5 kwenye karatasi. Tunasaini Jumatatu ya tarehe 18 saa nne. Yule jamaa wa kwanza kanitumia meseji tena kuuliza kama bado nasubiri ishuke.