Mjadala: Mtoto wa Mwanza ana haja gani na jicho la ngisi?

Mwalimu wa bayolojia, Nyegezi
Tukifika mada ya mageuzi, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, walimu wengi tunakimbilia mchoro ule ule: jicho la ngisi kando ya jicho la binadamu. Mwanafunzi wa Igombe au Sengerema hajawahi kumwona ngisi, na katika Ziwa Victoria hatamwona kamwe. Katika ukoo mzima wa pweza, ngisi na dome hakuna hata mmoja anayeishi maji baridi. Sisi tuna furu, samaki wadogo wa ziwani. Ziwa hili lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, likajaa tena, na leo linahesabiwa kuwa na mamia ya aina za furu ambazo hazipo kwingine duniani. Mmoja anaitwa *Pundamilia nyererei*, kwa heshima ya Baba wa Taifa. Dume lake ni jekundu na hukaa chini kidogo, ambako mwanga unaofika umeelemea wekundu. Binamu yake, *Pundamilia pundamilia*, ni wa buluu na hukaa juu. Jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa angavu hawachanganyiki. Yakiwa na tope, mpaka kati yao unafifia mpaka wanakuwa kitu kimoja. Utafiti huo umefanyika hapa hapa Ghuba ya Mwanza! Hoja yangu ni kwamba shule za Kanda ya Ziwa zimweke ngisi kando, zifundishe mageuzi kwa furu.

Mzazi, Ilemela
Naunga mkono. Mwanangu amekariri kwamba ngisi ana mioyo mitatu. Nikamuuliza yote hiyo ya nini, akasema mwalimu hakufika huko.

Mtu wa Tanga, sasa niko Pasiansi
Basi mwambie, mama: miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja unaipeleka mwilini. Damu yao inabeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, ndiyo maana ni ya buluu, na haibebi nyingi kama yetu. Mnyama mwenye mbio kama ngisi lazima aisukume kwa nguvu.

Mwalimu, kwa heshima zote, furu anafundisha nusu ya somo. Anaonyesha jinsi ukoo mmoja unavyogawanyika. Ngisi anaonyesha koo mbili zilizoachana zamani sana zikifika mahali pamoja kila moja kwa njia yake. Mzee aliyewazaa samaki na ngisi aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na inaaminika hakuwa na zaidi ya vidoa vya kuhisi mwanga. Leo wote wawili wana jicho lenye lenzi na retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Ila katika jicho letu, nyuzi za neva zinapita mbele ya retina, kisha zinalazimika kuitoboa ili zielekee kwenye ubongo. Pale zinapotokea hatuoni kitu. Za ngisi zinatokea nyuma moja kwa moja, kwa hiyo hana doa pofu. Sasa mpasue furu, sato, sangara, yeyote umtakaye: jicho lake limeundwa kama lako. Ukiwa na samaki peke yake utadhani jicho haliwezi kuwa vinginevyo.

Mvuvi wa dagaa, Igombe
Mimi sina elimu ya darasani ya hayo, ila nauliza. Sisi tunavua dagaa usiku kwa taa, na nasikia pwani ngisi nao wanafuata taa. Mbona hawajapanda mito wakaja huku? Wangetulipa.

Mtu wa Tanga
Chumvi, mzee wangu. Maji ya mwilini mwa ngisi yana chumvi karibu sawa na bahari. Mtie ziwani, maji yatamwingia kwa kasi kuliko anavyoweza kuyatoa, afe. Wako wachache wanaovumilia maji ya mdomo wa mto, basi. Ndugu zao konokono na chaza ndio walioweza kuhamia maji baridi.

Muuguzi, Magu
Hapo ndipo mlipotakiwa kuanzia! Konokono wa kichocho na ngisi ni ukoo mmoja wa moluska, wanyama wa mwili laini, na watoto wa huku wanamjua konokono tangu chekechea. Konokono gamba lake liko nje. Dome amelifunika ndani ya mwili, lile jeupe jepesi lenye vyumba vidogo vya hewa na maji vinavyomsaidia kuelea. Ngisi amebaki na kijiti chembamba kinachopitisha mwanga. Pweza wengi hawana hata hicho. Na Tendaguru kule Lindi, pamoja na mifupa ya dinosaria, kumepatikana visukuku vya jamaa zao wa kale wenye magamba. Mageuzi yote hayo, na hamjagusa jicho bado. (Walimu, tafadhali: msiwatume watoto ziwani kuokota konokono. Kichocho huingia kupitia ngozi wakiwa majini.)

Mwalimu wa bayolojia, Nyegezi
Muuguzi, hiyo nitaitumia. Lakini bado naona furu ana kitu ambacho ngisi hana: rangi inayoamua nani azae na nani.

Mtu wa Tanga
Rangi ndiyo inayonipa nguvu, mwalimu. Dome anabadili rangi ya ngozi chini ya sekunde, kwa vifuko vya rangi vinavyovutwa na misuli kwa amri ya ubongo, na jicho lake lina aina moja tu ya kipokezi cha mwanga. Kwa kipimo cha kawaida ni kipofu wa rangi. Furu wako anaziona rangi na anazitegemea. Waweke hao wawili kwenye somo moja uone maswali yatakayotoka.

Mvuvi wa dagaa, Igombe
Na hao furu mnaowagombania, wengi walimalizwa na sangara aliyeletwa miaka ya 1950. Mwalimu ataletewa wawili watatu waliochanganyika na dagaa wangu, wala hatajua ni aina gani.

Mwalimu wa bayolojia, Nyegezi
Haya. Macho ya samaki tuyatoe kwenye mapanki, yale mabaki ya samaki waliotolewa minofu, ya soko la Mwaloni, kila meza lake. Ngisi aagizwe Dar kwenye barafu, mmoja kwa darasa, apasuliwe mbele ya wote. Furu abaki somo kuu, hapo sirudi nyuma.

Mzazi, Ilemela
Huyo ngisi wa barafu analipiwa na nani? Kama ni mchango wa wazazi, semeni kabla ya kikao.