Ulinganisho: kreni ya mlingoti mmoja, ya milingoti miwili, au toroli za rafuni? Ghala la m 18, Lamu bara

GhalaMokowe
Assalaam aleikum wanajukwaa. Kuna michoro ya ghala la bidhaa kavu upande wa bara, baina ya Mokowe na Hindi, la kuhudumia mizigo ya bandari ya Kililana. Rafu zinapanda m 18, vichochoro vitatu vya m 70 kila kimoja, upana wa kichochoro m 1.5, paleti ya kilo 1,000. Kila kichochoro kiweze kuingiza paleti 30 na kutoa 30 kwa saa.

Wauzaji wameleta njia tatu: kreni ya reli yenye mlingoti mmoja, kreni ya reli yenye milingoti miwili (bei iko juu), na toroli za umeme zinazotembea ndani ya rafu zikisaidiwa na lifti. Mwenye mali anaogopa kreni nyembamba namna ile, refu kuliko nyumba ya ghorofa tano, itaanguka. Anaelekea kununua miwili kwa sababu hiyo tu. Naomba hoja zenye hesabu.

FundiReli
Waaleikum salaam. Tuanze na hofu ya mzee, maana ndiyo inayokula pesa bure.

Chukua kreni ya tani 12 na mzigo wa tani 1. Magurudumu mawili kwenye reli moja ya chini, nafasi baina yake m 4, kitovu cha uzito m 7 juu ya reli. Gurudumu huanza kunyanyuka pale mchapuko au breki inapofikia 9.81 × 4 ÷ (2 × 7), yaani 2.8 m/s². Kazi ya kila siku ni 0.4. Breki ya dharura ya 1 bado iko mbali sana na 2.8. Kwa mwendo wa kawaida haianguki, iwe mlingoti mmoja au miwili.

Kwa ubavu pia usiogope. Mikono ya kuchukulia paleti ikitoka m 1.3 na paleti ya kilo 1,000, nguvu ya kupindua ni kama kNm 12.8. Inashikwa na reli ya chini na reli ya kuongozea ya juu, zilizoachana m 18, kwa hiyo magurudumu ya pembeni ya juu yanapokea kN 0.7 tu. Paleti ikiwa chini au juu, kiasi ni kilekile.

Mahali pa hatari ni mwisho wa kichochoro. Kreni ikigonga bafa (kizuizi kinachofyonza mgongano) kwa kasi kamili ya m 2.67 kwa sekunde, na bafa ya mafuta inazama m 0.3, mchapuko wa kusimama ni kama 12 m/s². Hapo gurudumu la nyuma litaruka. Ili ubaki chini ya 2.8 ungehitaji bafa ya kuzama karibu m 1.3, na nafasi hiyo hakuna anayekupa. Dawa yake ni mfumo wa usalama unaopima kasi karibu na mwisho na kukata umeme ikiwa haijashuka. Kasi ikishushwa hadi m 1.33, bafa ya kuzama m 0.32 inatosha. Juu ya hayo, dai ndoano za chuma zinazopita chini ya kichwa cha reli mbele na nyuma. Muulize kila muuzaji mambo haya mawili kabla hujamuuliza idadi ya milingoti. Kiwango cha kumbana nacho ni EN 528, cha Ulaya cha usalama wa kreni za namna hii.

BintHesabu
Kaka FundiReli amemaliza la kuanguka. Linalobaki ni kuyumba, na hapo watu wengi huikosea reli ya juu. Reli ile inazuia mlingoti kwenda kushoto na kulia tu. Kwa upande wa mwendo haishiki kitu. Mlingoti wa jahazi una kamba mbele na nyuma. Huu wetu umefungwa chini peke yake, na ukiongeza urefu mara mbili kwa chuma kilekile, unapinda mara nane kwa nguvu ileile.

Tuseme mlingoti mmoja wa m 18, jukwaa linalopandisha paleti likiwa juu na mzigo, unayumba mara moja kwa sekunde 1.5. Miwili iliyounganishwa juu, tuseme sekunde 1.0. Kwa mchapuko wa 0.4, ncha inalala nyuma mm 23 kwa mmoja na mm 10 kwa miwili. Ukisimama ovyo, myumbo unaobaki unaweza kufika maradufu: mm 46 na mm 20.

Sasa mikono haiwezi kuingia rafuni mpaka myumbo ushuke, tuseme hadi mm 5. Chuma chenyewe kinapunguza myumbo polepole mno. Kwa uwiano wa upunguaji (damping ratio) wa asilimia 1.5, mlingoti mmoja utangoja sekunde 35 na miwili sekunde 15. Zote mbili hazifai! Anayenunua miwili ili aepuke kungoja amenunua nusu ya dawa.

Dawa nzima iko kwenye programu na haina uzito. Muda wa kupunguza kasi uwe sawa na myumbo kamili mmoja, miwili, mitatu au minne, bila kipande. Kutoka m 2.67 kwa 0.4 unatumia sekunde 6.7. Kwa mlingoti wa sekunde 1.5, weka sekunde 6.0 (mchapuko 0.445) au 7.5 (0.356). Mwisho wa breki, myumbo ulioanzishwa na mwanzo wa breki unafutwa na ule wa mwisho wake, na ncha inabaki karibu kimya. Na kasi ipande na kushuka kwa mkunjo laini, isiwe kwa pembe kali.

Kipungani_Otomeshoni
Bi, hesabu yako ni safi kwenye karatasi, lakini hiyo sekunde 1.5 si namba moja. Jukwaa likiwa chini mlingoti unayumba upesi, likiwa juu na tani moja unayumba polepole, likiwa juu bila mzigo ni katikati. Programu yenye muda mmoja itakuwa sawa kwa rafu za juu na kosa kwa rafu za kati. Na safari fupi hazifiki kasi kamili, kwa hiyo hakuna sekunde 6 za kupunguza.

Mlingoti mmoja unadai jedwali ndani ya PLC (kompyuta ndogo inayoendesha kreni): urefu wa jukwaa kwa kila m 2, mzigo upo au haupo, na muda wa myumbo kwa kila kisanduku. Kwa m 18 ni visanduku 18 hivi. Vyote vipimwe papo hapo kwa kifaa cha kupimia mchapuko kilichofungwa ncha ya juu, visitolewe kwenye kitabu cha muuzaji. Miwili inasamehe kosa la jedwali. Mmoja hausamehi. Kama muuzaji hana mtu wa kukaa Lamu siku kadhaa akipima, mimi ningelipia miwili.

BintHesabu
Nakubali jedwali ni lazima. Ila kosa la asilimia 10 halirudishi mm 46. Kwa muda wa sekunde 6 na myumbo halisi wa 1.65 badala ya 1.5, hesabu inatoa kama mm 56, kwa kuwa ni myumbo mirefu mitatu na nusu na ushee... ngoja, hapo ni kweli umeniweza: sekunde 6 ni minne, na kosa la asilimia 10 kwa minne linazidi theluthi ya myumbo mzima. Muda mrefu wa breki unakuza kosa. Basi tusitegemee muda peke yake. Ongeza kichujio kinachokata amri ya mwendo vipande viwili, cha pili kikichelewa nusu myumbo. Kosa la asilimia 10 hapo linaacha kama asilimia 16 ya myumbo, yaani mm 7 kwa mlingoti mmoja. Gharama yake ni sekunde 0.75 kwa kila kusimama.

ShelaMzunguko
Mnagombania kuyumba huku winchi ya kunyanyua jukwaa inawaibia. Nimepiga mzunguko kwa nukta mbili za FEM 9.851 (kanuni ya Ulaya ya kukadiria muda wa mzunguko wa kreni): ya kwanza moja ya tano ya urefu wa kichochoro na theluthi mbili ya kimo, ya pili kinyume chake. Mwendo m 160 kwa dakika, kunyanyua m 40 kwa dakika, mchapuko 0.4 kwa yote.

Kwenda nukta ya kwanza: mwendo sekunde 11.8, kunyanyua 19.7. Kreni imefika na inangoja jukwaa. Kutoka ya kwanza hadi ya pili 18.9, kurudi mlangoni 24.2. Jumla 62.8. Mikono inafanya kazi mara nne, sekunde 9 kila mara: 36. Jumla kuu kama 99, mizunguko 36 kwa saa. Ukiongeza sekunde 3 za kutulia kwenye vituo viwili vya rafuni, unabaki na 34. Lengo lako ni 30, kwa hiyo nafasi ipo lakini si kubwa.

Ukipandisha winchi hadi m 60 kwa dakika, safari ya kwanza inashuka hadi 14.5. Umeokoa sekunde 5, karibu zote mnazobishania. Jukwaa la kilo 600 na mzigo wa kilo 1,000 kwa m 40 linahitaji kama kW 12.3, mota ya 15. Kwa m 60 ni kW 18.5 barabara, kwa hiyo chukua 22. Tofauti ya bei ya mota ni ndogo mno mbele ya mlingoti wa pili.

GhalaMokowe
Hapa nimefunguka macho. Vipi chumvi? Ghala litakuwa karibu na maji.

FundiReli
Chumvi inaanzia kwenye msuguano. Kreni nyingi za bei ya chini zinaendesha gurudumu moja tu kati ya mawili. Wakati wa kuchapuka, gurudumu la mbele linapoteza kN 9 kati ya 64, linabaki na asilimia 43 ya uzito. Reli ikiwa na unyevu na vumbi la kutu, chukua msuguano wa 0.1. Mchapuko wa juu kabisa unaopatikana ni 0.42. Wewe umeomba 0.4! Asubuhi ya kwanza baada ya mapumziko marefu gurudumu litateleza, litakula bapa upande mmoja, na kuanzia hapo kreni inagonga kila mzunguko. Dai magurudumu yote mawili yaendeshwe.

Na enkoda (kifaa kinachohesabu mizunguko ili kujua kreni ilipo) isikae kwenye gurudumu linaloendeshwa, maana likiteleza linadanganya. Pima mahali kwa leza au kwa utepe wa misimbo uliobandikwa kando ya reli. Leza inataka kioo chake kufutwa, kwani kusi na kaskazi zote zinaleta ukungu wa chumvi. Utepe ni mvumilivu zaidi. Rafu ziwe zimezamishwa kwenye zinki. Rangi peke yake kwa hewa ile ni kazi ya kurudiarudia.

Reli: A55 ya DIN 536 (kiwango cha Kijerumani cha reli za kreni) inatosha, viungo vilehemiwe na kusagwa. Kwa m 70 na tofauti ya nyuzi 15 reli inarefuka mm 12 hadi 13, kwa hiyo ishikwe imara katikati na vibano vya ncha viiruhusu itambae.

MsingiManda
Hakuna aliyetaja ardhi. Upande ule una mchanga, na chini yake mwamba wa matumbawe ambao unaweza kuwa na mapango. Slabu ikizama mm 3 upande mmoja kwa upana wa m 3, juu ya rafu ya m 18 ni mm 18. Mikono ya kreni inakosa paleti, na watu wataanza kulaumu programu. Chimba matundu ya kupimia udongo chini ya kila mstari wa rafu, si pembe nne za ghala tu. Kreni ya milingoti miwili ni nzito zaidi, kwa hiyo inaongeza kosa hili badala ya kulipunguza.

Jambo lingine: ikiwa kuta na paa vimebebwa na rafu zenyewe, reli ya juu nayo imefungwa humo. Upepo wa kusi wa m 28 kwa sekunde ukipiga ubavu wa m 70 kwa 18 unasukuma kwa kN 600 hivi. Rafu zikihama, reli ya juu inahama nazo na magurudumu ya pembeni yanabana. Ningejenga kuta zinazosimama zenyewe.

ShelaMzunguko
Kuhusu toroli za rafuni: zinashinda pale bidhaa ni za aina chache na nyingi kwa kila aina, kwa kuwa zinajaza rafu kwa kina na vichochoro vinapungua. Moja ikifa nyingine inaendelea. Kwa mizigo ya bandari yenye aina mamia zitapoteza muda kuhamisha paleti iliyo mbele ili kufikia ya nyuma. Betri nazo hazipendi joto la chini ya bati. Hapa ningeziacha.

Kipungani_Otomeshoni
Umeme, kwa ufupi. Jukwaa linaposhuka mota inakuwa jenereta. Ukinunua inveta (kifaa kinachoongoza kasi ya mota) inayorudisha umeme kwenye laini, siku Kenya Power ikikatika na mkawasha jenereta ya dizeli, umeme ule hauna pa kwenda. Volti inapanda na inveta inajifunga kreni ikiwa juu. Weka kizuizi cha kuchomea umeme wa breki, kwa ukubwa wa kushusha mzigo kamili mfululizo. UPS (betri ya akiba) iwe ya PLC na sensa tu, ili mahali pasipotee.

Nami nageuza rai yangu: mlingoti mmoja, magurudumu mawili yanayoendeshwa, winchi ya m 60, kichujio cha Bint Hesabu pamoja na jedwali. Miwili niirudishe mzigo ukifika tani 1.5 au ghala likipita m 25.

GhalaMokowe
Shukran. Mkataba uandikweje ili muuzaji asikimbie?

BintHesabu
Usiandike "kreni isiyoyumba". Andika jaribio: paleti ya kilo 1,000 rafu ya juu kabisa, kusimama kutoka kasi kamili, mara 20, kila safari myumbo uwe chini ya mm 5 ndani ya sekunde 3 tangu gurudumu lisimame. Kisha rafu ya kati, kisha safari fupi ya m 6, mzigo ukiwepo na usipokuwepo. Kipimo kifungwe ncha ya mlingoti na data ghafi ibaki kwenu. Rudieni baada ya miezi 6, slabu ikishatulia, na asilimia 10 ya malipo isubiri jaribio hilo la pili.